Karakana ya Nyumbani: Kuunda Mashine Ndogo bila Kupoteza Macho, Mapafu wala Vidole

Mji wa Morogoro umezoeana na chuma kwa zaidi ya karne moja. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika hapa mwaka 1907, na karakana ya reli ikawa shule ya mafundi wengi. Baadaye vikaja viwanda vya ngozi, viatu, nguo na turubai. Vingi vilisimama, lakini ujuzi wa waliovitumikia haukusimama pamoja navyo. Si ajabu, basi, kumkuta Kihonda, Bigwa au Mji Mpya fundi mstaafu, mwalimu wa fizikia au mwanafunzi aliyetenga pembe moja ya ua wake ili aunde injini ya mvuke inayoenea kiganjani, kichwa cha treni cha kuchezea kinachokwenda kweli, au gurudumu la maji la kujaribia katika vijito vya Uluguru.

Burudani hii ina manufaa. Huufanyisha kazi ubongo na vidole kwa pamoja, humpa mstaafu sababu ya kuamka mapema, na humfundisha kijana kwamba kipimo kikikosewa kwa nusu milimita, mashine haizunguki. Hata hivyo, ipo tofauti moja kati ya kiwanda na karakana ya nyumbani ambayo daktari hawezi kuinyamazia. Kiwanda hukaguliwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2003. Karakana ya uani hukaguliwa na mwenyewe tu, na mara nyingi watoto hucheza mlangoni pake. Makala hii inaeleza namna ya kuiandaa karakana hiyo, na madhara ya kiafya ambayo mwenye nayo anapaswa kuyafahamu kabla hajawasha mashine ya kwanza.

Mahali na zana za kuanzia

Chumba cha karakana kisiwe chumba cha kulala, wala kisipakane na jiko kwa uwazi. Kiwe na madirisha katika kuta mbili zinazotazamana, ili hewa ipite, na sakafu ya saruji iliyoinuliwa, ili maji ya masika yasiingie. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230, na mtu aliyesimama peku juu ya sakafu yenye unyevu huupa njia rahisi ya kupita mwilini, ukiwemo moyo. Kwa hiyo fundi umeme mwenye leseni aunganishe waya wa ardhini, na aweke swichi ya kinga inayokata umeme wenyewe unapovuja kiasi cha miliampia 30.

Meza ya kazi iwe nzito. Jiliwa lifungwe kwa kimo ambacho sehemu yake ya juu inalingana na kiwiko cha anayelitumia. Likiwa chini zaidi, mgongo hulipa gharama. Zana za kuanzia si nyingi: jiliwa, tupa za aina tatu au nne, msumeno wa chuma, nyundo, keekee, rula ya chuma na kipimio cha vania. Mashine ya kukereza inaweza kusubiri. Aliyejifunza kunyoosha uso wa chuma kwa tupa ataielewa mashine hiyo haraka, na atakuwa amejizoeza subira, ambayo ndiyo kinga ya kwanza ya vidole.

Kwa mkazi wa Morogoro, kazi ya kwanza inayofaa ni gurudumu la maji. Hesabu yake ni nyepesi: lita moja ya maji kwa sekunde, ikianguka mita 10, ina nguvu ya takriban wati 98. Msuguano ukila nusu, zinabaki wati 50 hivi, zinazotosha taa kadhaa ndogo. Lakini maji ya mto yasichepushwe bila kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Na majaribio yasifanywe kwa kusimama katika madimbwi au maji yaendayo polepole huko mabondeni, kwa sababu konokono wanaoeneza kichocho hupenda maji ya namna hiyo.

Macho

Cheche inayotoka kwenye grinda ni kipande cha chuma kinachowaka. Kikigota kwenye kioo cha jicho hujichoma humo, na baada ya saa chache huanza kuota kutu. Hatari zaidi ni kipande kinachoruka pale nyundo inapogonga patasi. Hicho huweza kupenya ndani ya jicho kwa maumivu madogo tu, na mhusika akadhani ni vumbi. Kila anayepata maumivu, ukungu au wekundu wa jicho baada ya kugonga chuma kwa chuma, ahesabu kwamba kipande kimeingia hadi daktari athibitishe kuwa hakimo. Asilisugue jicho wala kulikandamiza. Alifunike kwa kikombe kikavu kisichogusa jicho, aende hospitali.

Mwanga wa kuchomelea nao huunguza uso wa jicho. Dalili hazitokei papo hapo. Huja baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, mtu akihisi kama macho yamejaa mchanga. Miwani ya jua inayovaliwa na wachomeleaji wengi wa barabarani hailingani na kazi hiyo. Kinachotakiwa ni ngao ya uso yenye kioo cheusi cha namba 10 au 11 kwa kazi za kawaida. Watoto wanaotazama nao huunguzwa vilevile, hivyo pazia zito liwekwe.

Masikio

Sikio huvumilia sauti ya desibeli 85 kwa saa nane kwa siku. Kila sauti inapoongezeka kwa desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa kipimo hicho, sauti ya desibeli 100, ambayo grinda huweza kuifikia, inaruhusu dakika 15 tu. Seli za kusikia zikifa hazioti tena. Vizibo vya masikio hugharimu kidogo, lakini pamba ya kawaida haifanyi kazi yao.

Homa isiyo malaria

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu katika mkoa wetu hufichwa kirahisi na ugonjwa mwingine. Mabati na mabomba mengi yamepakwa zinki ili yasipate kutu. Zinki huchemka katika nyuzi joto 907 za Selsiasi, ilhali chuma cha pua huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Maana yake ni kwamba kabla chuma hakijayeyuka, zinki imekwisha kugeuka mvuke, na mvuke huo ukikutana na hewa huwa moshi mweupe mzito. Anayeuvuta huhisi ladha ya chuma mdomoni na ukavu wa koo. Saa nne hadi kumi baadaye hupata homa, baridi kali, kutetemeka, kikohozi na maumivu ya viungo. Kuyeyusha shaba nyeupe huleta hali hiyohiyo, kwa kuwa nayo ina zinki ndani yake.

Mtu wa kawaida akiziona dalili hizo Jumamosi usiku atasema ni malaria, na pengine atanunua dawa ya mseto dukani. Homa itaisha kwa siku moja au mbili, kama ambavyo ingeisha bila dawa, naye ataamini kwamba dawa ndiyo iliyomponya. Jumamosi inayofuata atarudi kwenye moshi uleule. Zaidi ya hayo, mwili wa anayechomelea kila siku huuzoea moshi huo kwa kiasi fulani, na mazoea hayo hupotea baada ya siku chache za mapumziko. Kwa sababu hiyo mtu wa burudani, anayechomelea mwisho wa juma tu, huweza kuugua kila mara.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: mtu kuidhania malaria ya kweli kuwa ni moshi, akalala nayo nyumbani. Kanuni ni moja. Kila homa ipimwe malaria. Kipimo kikionyesha vimelea, dawa itumike hadi mwisho. Kisipoonyesha, mgonjwa amweleze mhudumu wa afya kwamba alichomelea nini na lini. Maelezo hayo huweza kumwepusha na dawa asizozihitaji. Lakini akibanwa na pumzi, asingoje kipimo wala asubuhi. Boliti za zamani zilizopakwa kadimiamu, pamoja na baadhi ya lehemu za fedha, hutoa moshi ambao mwanzo wake hufanana na homa hii, kumbe mwisho wake huweza kuwa kujaa maji mapafuni na kifo.

Wachomeleaji wengi hunywa maziwa wakiamini yanasafisha moshi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, nao moshi huenda mapafuni. Kinga ya kweli ni kuchagua chuma kisichopakwa zinki, kufanyia kazi nje huku upepo ukipita ubavuni, na kuvaa barakoa ya kuchuja moshi. Barakoa ya kitambaa haitoshi.

Mkaa, risasi na watoto

Mkaa wa kufulia chuma, au jenereta, ndani ya chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kikiuma na kizunguzungu kikianza, toka nje kwanza. Sababu utaitafuta baadaye.

Risasi iliyomo katika betri za zamani na katika baadhi ya lehemu isiyeyushwe nyumbani kamwe. Vumbi lake husafiri kwa nguo na mikono hadi kwenye sahani ya mtoto, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi katika damu kilicho salama. Nguo za karakana zivuliwe kabla ya kuingia ndani, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Mikono, mashine na mvuke

Mbele ya keekee au mashine ya kukereza, usivae glavu, mikono mirefu, kanga, tai wala pete. Kinachozunguka hunasa kitambaa haraka kuliko mtu awezavyo kukiachia.

Injini ya mvuke inahitaji tahadhari ya pekee, kwani lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutanuka mara 1,600 na zaidi. Kopo lililozibwa likiwekwa motoni ni bomu. Boila, hata iwe ndogo namna gani, iwe na vali ya usalama, na kabla ya matumizi ijaribiwe ikiwa baridi na imejaa maji tupu, kwa shinikizo mara mbili ya lile la kazi. Isijaribiwe kwa hewa iliyoshinikizwa, kwa sababu ikipasuka, hewa hurusha vipande ambapo maji huvuja tu.

Huduma ya kwanza

Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, mafuta wala yai. Jicho lililoingiwa na asidi lioshwe papo hapo kwa maji mengi, kwa dakika zisizopungua 15. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Jeraha la chuma chenye uchafu lioshwe, na mhusika aulizie chanjo ya pepopunda siku hiyohiyo. Wanawake wengi huipata kliniki wakiwa wajawazito, lakini wanaume wengi hawajaigusa tangu utotoni.

Maelekezo haya yaandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani karibu na swichi kuu, pamoja na namba ya simu ya jirani mwenye chombo cha usafiri. Kisha mweleze mtu mmonja wa nyumbani namna ya kuuzima umeme, maana aliyenaswa hawezi kuifikia swichi mwenyewe.