PICHA ZA FERI: MELI INASOMWA, HAIPIGWI TU

Wadau, kila kukicha mtandaoni zinapita picha za Feri: meli kubwa, pantoni, samaki, jua linazama. Nzuri, hatukatai. Lakini muulize mpigaji hiyo meli inaitwaje, ilikuwa inaingia au inatoka, siku gani, anabaki anakutolea macho. Leo tuongelee picha yenye habari ndani yake.

Kwanza ujue Dar tumependelewa. Mlango wa bandari yetu ni mwembamba. Zile meli unazoonaga taa zake usiku ukiwa Ocean Road, zimetia nanga zinasubiri zamu, zikiitwa lazima zipite kwenye mkondo kati ya Magogoni na Kigamboni, jirani kabisa na njia ya pantoni. Bandari nyingine ungehitaji lenzi ya bei mbaya ili uione meli hivyo. Hapa kisimu chako kinatosha.

Mwanga nao hauna siri. Asubuhi jua linatokea upande wa Kigamboni, kwa hiyo ukiwa juu ya pantoni saa moja, geuka utazame mjini: Azania Front na Mtakatifu Yosefu, makanisa ya enzi za Mjerumani, yanapigwa jua usoni. Jioni kinyume chake, simama Kivukoni jua likiwa mgongoni. Saa sita mchana usihangaike, kila mtu anatoka na vivuli chini ya macho kama kapigwa ngumi.

Sasa kuisoma meli. Wengi wanapiga mbele tu kwa sababu ndiko kunakotisha. Subiri ipite, piga na nyuma, mabaharia wanaita tezi. Pale pameandikwa jina na bandari ilikosajiliwa. Ukiona Panama, Monrovia au Majuro usikimbilie kusema imetoka huko, ni usajili tu. Tafuta pia namba ya IMO, ina tarakimu 7. Meli ikiuzwa na kubadilishwa jina mara kumi, namba hiyo inabaki ileile, na ukiiandika kwenye intaneti unapata mwaka iliyoundwa na majina yake ya zamani. Angalia na bendera: iliyogawanywa nusu nyeupe nusu nyekundu ina maana rubani wa bandari yumo ndani. Nyekundu tupu ni mzigo wa hatari.

Ubavuni mwa meli ya mizigo kuna duara lenye mstari katikati, na pembeni yake ngazi ya vimistari vyenye herufi. Inaitwa alama ya Plimsoll, kwa jina la mbunge wa Uingereza aliyepigania sheria yake, ikapita mwaka 1876. Inaonyesha mwisho wa meli kuzama inapopakiwa. Maji ya joto yana mstari wake, T, ulio juu kidogo ya ule wa duara, kwa hiyo usipige kelele kwa kuona duara tu limelowa.

Haya si mambo ya kujifurahisha. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, ikiwa na watu zaidi ya uwezo wake. Julai 2012 MV Skagit iliondoka hapahapa Dar kwenda Zanzibar, haikufika. Ajali kama hizo zikitokea, swali la kwanza ni walikuwemo wangapi. Picha ya kawaida tu ya meli ikiondoka gatini, yenye saa na tarehe, hapo inageuka ushahidi.

Ila bana, picha inaweza pia kusema uongo bila kuchakachuliwa. Ukivuta kwa zoom kutoka mbali, watu wanabanana, hata kama kati yao kuna nafasi. MV Magogoni iliundwa kubeba abiria 2,000 na magari 60. Asubuhi itaonekana imejaa pomoni na bado ikawa ndani ya kiwango chake. Ukitaka kusema imezidisha, piga na upande mzima, piga na maji yalipofika, halafu hesabu. La sivyo ni umbea.

Kwa watu, hapo ndipo vijana wengi wanachemsha. Sokoni Feri asubuhi kuna mnada, kuna wanaopaa samaki, kuna mama lishe, makuli. Umati wa mnadani piga, hakuna noma. Lakini sura ya mtu mmoja, omba. "Shikamoo mama, naomba nikupige picha ukikaanga." Atakuuliza unaipeleka wapi, mjibu ukweli. Yule kaka anayepaa samaki pengine kwao hawajui kazi anayofanya mjini, na wewe ndiye unakwenda kumtangaza. Akikataa, basi. Pesa mimi sishauri kutoa. Nunua samaki, au rudi wiki ijayo na picha yake umemsafishia. Ukifanya hivyo mara moja tu, soko zima litakujua.

Halafu Ikulu ya Magogoni ipo palepale jirani na soko. Ile ya Chamwino kuzinduliwa mwaka 2023 hakujaondoa ulinzi hapa. Ng'ambo kuna kambi ya wanamaji. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inaruhusu serikali kutangaza maeneo yanayolindwa, kwa hiyo bango la kukataza picha si pambo. Ndani ya geti la bandari usijaribu bila kibali. Mlinzi akikuambia acha, acha, ubishi utaukuta kituoni.

Mwisho, kutunza. Usimtumie mtu picha kwa WhatsApp halafu ukafuta ya kwenye simu: inapunguzwa ubora, na ile saa iliyojificha ndani ya faili inapotea. Hamishia kwa waya. Kama ni kompyuta ya kafe, ukishachoma CD au kuweka kwenye flashi, futa zako zote na utupu kapu la taka, maana anayekaa baada yako humjui. Halafu kila picha iandikie mstari mmoja siku hiyohiyo, mfano: "MV Magogoni ikitoka Kivukoni kwenda Kigamboni, Jumanne, saa 12:40 asubuhi, maji yanajaa," na tarehe kamili.