Uganda: wakimbizi wa Congo wenye « mawazo mengi » huchelewa kufika kwa muganga

Tangu waasi wa M23 walipoteka Bunagana, tarehe 13 Juni 2022, maelfu ya wakaaji wa Rutshuru walivuka mupaka na kuingia Uganda. Wengi walipelekwa Nakivale, kambi iliyofunguliwa munamo mwaka 1958 katika wilaya ya Isingiro.

Huko, mutu asiyelala usiku, anayeshituka mulango ukigongwa, husema tu: « niko na mawazo mengi ». Hasemi kwamba ni mugonjwa. Huenda kwanza kwa muchungaji, ao hukaa kimya, akiogopa majirani wasije wakamuita kichaa.

Kwa hiyo, katika kambi, wanaofikishwa kwa wauguzi wa afya ya akili ni zaidi wenye kifafa na waliorukwa na akili. Ugonjwa wao unaonekana. Mama aliyebakwa, ambaye bado anapika na kufua, hakuna anayemupeleka.

Uganda inawaruhusu wakimbizi kutibiwa bure katika vituo vya serikali, sawa na raia. Shida ni luga. Muuguzi anasema Kinyankole na Kiingereza, mugonjwa Kiswahili ao Kinyabwisha. Mukalimani pengine ni jirani, kijana wa umri wa mutoto wake. Ni mama gani atasimulia mbele yake mambo yaliyomupata? Anataja kichwa kinachouma, anapewa parasetamoli, anarudi nyumbani.

Hali ikizidi, hospitali kubwa ya Mbarara ina wadi ya magonjwa ya akili. Lakini nauli inatoka wapi, wakati posho ya chakula ilipunguzwa munamo mwaka 2023? Wengine huacha dawa katikati, zikiwa ndiyo kwanza zimeanza kusaidia.