Fulana Iliyoshtakiwa na Kampuni ya Bia

Kwa mbali ilionekana kama fulana ya matangazo ya bia, ya aina zinazogawiwa baa na viwanjani. Umbo la lebo lilikuwa lile lile la Carling Black Label, na maandishi yalipangwa vile vile. Mtu akisogea ndipo anapoona kuwa "Black Label" imegeuzwa "Black Labour", yaani kazi ya watu weusi, na palipokuwa na "Carling Beer" pameandikwa "White Guilt", hatia ya Wazungu. Sifa za bia nazo zimegeuzwa shutuma ya unyonyaji ulioanza mwaka 1652, mwaka ambao Mholanzi Jan van Riebeeck alitia nanga Rasi ya Tumaini Jema.

Fulana hiyo ilikuwa ya Laugh It Off, kampuni ndogo ya Justin Nurse wa Cape Town. Wenye bia, South African Breweries, walikwenda mahakamani wakidai nembo yao inachafuliwa. Walishinda Mahakama Kuu, wakashinda tena Mahakama ya Rufaa. Tarehe 27 Mei 2005, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikatengua hukumu zote mbili. Jaji Dikgang Moseneke alieleza kuwa haitoshi mwenye nembo kukerwa. Anapaswa kuonyesha kwamba biashara yake inaelekea kupata hasara, na kampuni haikuleta ushahidi huo. Jaji Albie Sachs, katika maoni yake ya ziada, alitetea kwa moyo wote nafasi ya dhihaka katika jamii huru.

Nguvu ya fulana ile ni kwamba kejeli yake imo kwenye kitambaa chenyewe. Mvaaji halazimiki kumsimamisha kila mpita njia amfafanulie alichokusudia.

Hapo ndipo vijana wa panki wa London walipoteleza. Mwaka 1976 mwimbaji Siouxsie Sioux alijifunga mkononi kitambaa chenye swastika, alama ya Wanazi, kwa nia ya kuwashtua wazee waliopigana vita. Mwaka uliofuata Vivienne Westwood na Malcolm McLaren waliuza katika duka lao la King's Road fulana yenye swastika kubwa na neno "Destroy", yaani haribu, juu yake. Neno lile angalau lilijaribu kusema kitu. Kitambaa cha mkononi hakikusema lolote, na Agosti 1977 wabaguzi wa National Front walikuwa wakiandamana Lewisham, kusini mwa jiji hilo hilo. Myahudi aliyepishana na kijana aliyekivaa angejuaje kama anacheza au hachezi?

Ujerumani swali hilo lilifika kwa majaji. Sheria ya huko inakataza kuonyesha alama za Wanazi hadharani, na mwaka 2006 mahakama ya Stuttgart ilimtoza faini ya euro 3,600 mfanyabiashara aliyeuza nguo na beji zenye swastika iliyokatwa kwa mstari au kuvunjwa vipande. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Shirikisho ilimwachia: ikiwa upinzani unaonekana wazi kwenye alama yenyewe, hakuna kosa. Ni mpaka wa haki, na ungestahili kujulikana na kila mchora fulana.

Mchezo huo wa kugeuza nembo huchezwa pia kinyume. Katika miaka ya 1990, Wanazi mamboleo wa Ujerumani na Uholanzi waliipenda Lonsdale, nguo za Kiingereza zenye asili ya ulingo wa ndondi. Waliivaa ndani ya jaketi na kuacha zipu wazi nusu, zikabaki kuonekana herufi NSDA, pungufu ya herufi moja tu kufikia NSDAP, chama cha Hitler. Lonsdale haikunyamaza: ilikata bidhaa kwa maduka yaliyowahudumia watu hao, ikadhamini shughuli za kupinga ubaguzi na kutangaza kwamba inapenda rangi zote. Wanazi mamboleo nao walijitengenezea nembo yao, Consdaple, yenye herufi zote tano.