Mama wa Kijerumani aliyeishi Iringa wakati Mkwawa akisakwa

Likizo ya Juni tuliwapeleka watoto Kalenga, kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini, kuona fuvu la Mtwa Mkwawa. Mwanangu wa pili, yuko darasa la tano, alisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mama, hao Wajerumani walikuja na wake zao?"

Nikamjibu haraka haraka kwamba hapana, walikuwa askari tu. Mzazi mwenzangu, unalijua jibu la namna hiyo. Ni lile tunalotoa ili safari iendelee. Usiku nilipoanza kutafuta niligundua nimemdanganya mtoto.

Alikuwepo mmoja. Aliitwa Magdalene von Prince, aliyezaliwa mwaka 1870 katika ukoo wa von Massow, watu wa tabaka la juu huko Ujerumani. Mwaka 1896 aliolewa na Tom Prince, ofisa wa jeshi la wakoloni mzaliwa wa Mauritius, na mwaka huohuo akaja naye bara. Alikuwa na miaka 26. Ni miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Ulaya kuishi ndani ya nchi hii, mbali na pwani.

Huyo mumewe, wapiganaji na wapagazi walimwita Bwana Sakarani. Mswahili anajua sakarani ni mlevi. Inasemekana jina lilitokana na jinsi alivyopigana, kama mtu aliyelewa. Yeye alilipenda, na baadaye akaliita hata shamba lake kwa jina hilo.

Kwao Magdalene alisifiwa kuwa mwanamke mwanzilishi. Mimi neno hilo linanikwaza. Mwanzilishi wa nini? Kalenga ilikuwa na ukuta wa mawe, ikulu na maelfu ya watu kabla yeye hajavuka bahari. Ukuta ule ulibomolewa na mizinga ya Wajerumani Oktoba 1894, na Tom Prince alikuwa miongoni mwa walioongoza mashambulizi. Miaka miwili baadaye akarudi kujenga kituo kipya cha kijeshi pale juu kilimani ulipo mji wa Iringa leo, na mkewe akaanza maisha ya ndoa humo.

Hebu fikiria nyumba hiyo. Bibi harusi anajifunza kupika kwa unga wa huku, anapanda mboga, anaandika shajara jioni. Vyombo, vitanda na makasha yake vilifika juu ya vichwa vya wapagazi, mwendo wa wiki nyingi kutoka pwani. Nje ya boma, mumewe anamsaka mtu mmoja ambaye nchi nzima inamficha. Ili watu wakome kumlisha Mkwawa, mashamba yalichomwa na ng'ombe wakachukuliwa. Ilitangazwa zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Mwisho wa 1896 Wajerumani walimtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Miezi michache tu baadaye, mapema 1897, wakamnyonga kwa tuhuma kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri.

Hayo yote yalitokea karibu na meza ya chakula ya mama huyu. Baadaye aliyaandika katika kitabu cha Kijerumani kilichotoka mwaka 1903, akieleza miaka yake ndani ya Afrika Mashariki kutokana na shajara zake. Wanahistoria wanakitumia hadi leo, kwa kuwa ni mara chache kupata habari za vita ile kutoka upande wa nyumbani. Ila ni jicho la mke wa ofisa. Wanawake wa Kihehe wamo, lakini wamo kama watu wanaotazamwa.

Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi. Habari hii tunaisimulia kama habari ya mtu mmoja. Mwanangu alishtuka nilipomwambia kwamba kando yake alikutwa kijana mdogo, naye amekufa kwa risasi. Mwingine alikuwa ametoroka kwa hofu kwamba zamu yake ingefika, akakamatwa, na ndiye aliyewaonyesha askari njia. Walikuwa wavulana wale, watoto wa watu. Sajini Merkl alikikata kichwa cha Mtwa, kikapelekwa Iringa, kwenye kituo kilekile ambako Magdalene alikuwa ameweka nyumba.

Miaka miwili baadaye Prince aliacha jeshi, nao wakahamia Usambara, karibu na Soni, wakalima shamba waliloliita Sakarani. Leo pana watawa Wabenediktini, na ukipita njia ya Lushoto utaona kibao. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, mume aliitwa tena jeshini. Aliuawa tarehe 4 Novemba 1914 katika mapigano ya Tanga. Magdalene akabaki mjane, na vita vilipokwisha Wajerumani walinyang'anywa koloni na mashamba yao. Alifariki miaka ya 1930.

Wakati huo kichwa kilichopita Iringa akiwa pale kilikuwa bado hakijarudi. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu ndani ya miezi sita. Ikapita miaka 35. Gavana Twining ndiye aliyelipata kwenye makumbusho ya Bremen na kulikabidhi Kalenga mwaka 1954 kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Ningeishia hapo, lakini katika kutafuta nilikutana na mama mwingine wa Kijerumani, huyu wa upande wa Mbeya. Nakiri huyu ndiye aliyeninyima usingizi.

Elise Kootz-Kretschmer alikuwa mmisionari wa Moravian huko Utengule Usafwa, yeye na mumewe. Wamoravian walikuwa wamefika Rungwe mwaka 1891, miaka mingi kabla mji wa Mbeya haujakuwepo. Hata hao walikuja na mambo yao na dharau zao, tusijidanganye. Lakini Elise alifanya jambo ambalo Magdalene hakulifanya. Aliketi na wanawake wazee waliokimbilia kituoni, akawaacha waeleze maisha yao tangu utotoni, akayaandika.

Mmoja aliitwa Narwimba. Alipofiwa na mumewe, alimwendea mwenyewe jamaa wa marehemu akamwomba amwoe. Mapenzi hayakuwepo hapo. Nyakati zile za kutekana na kuuzana, mwanamke asiye na wa kumsemea alikuwa kama mbuzi aliyekatika kamba. Mwingine, Sichyajunga, alitekwa akiwa mtoto, akapita mikono ya watu mbalimbali. Masimulizi yake yamemtaja kwa majina matatu, Chisi-Ndjurisiye-Sichyajunga. Nilipoyasoma nilimfikiria mtoto wangu mdogo akiitwa jina asilolijua na watu asiowajua.

Elise aliyachapisha Ujerumani, pamoja na kitabu kikubwa kuhusu Wasafwa kilichoanza kutoka 1926. Mwanahistoria Mmarekani Marcia Wright akayafufua kwa Kiingereza miaka ya 1980 na 1990. Angalia njia yake: kutoka mdomo wa bibi wa Utengule hadi Kijerumani, kisha Kiingereza. Mwanangu akitaka kumsoma Narwimba leo, inabidi nimtafsirie mimi, jioni, nikiwa nimechoka.

Nilipomsimulia habari za wanawake wote wawili aliniuliza nani alikuwa mzuri. Nikamwambia sijui kupima hivyo. Nikamwuliza yeye angependa nani aandike habari za bibi yake, mgeni anayetazama kutoka barazani au mgeni anayeketi na kuuliza. Akasema, "Kwa nini mgeni?"

Basi Agosti tulikwenda Mafinga kwa mama mkwe. Tukamkuta anachambua maharage. Tukamsalimu kamwene, watoto wakapiga goti, na baada ya chai mwanangu akaweka simu juu ya kinu na kumwomba bibi aeleze mama yake alikuwa nani na alitoka wapi. Bibi alicheka, akasema hayo ni mambo ya zamani, ninyi mnataka nini nayo. Kisha akaanza. Aliongea karibu saa nzima, nusu Kihehe, nusu Kiswahili, akataja kijiji ambacho mume wangu, mwanawe wa kumzaa, hakuwahi kukisikia.

Kurekodi hakukwenda vizuri. Jogoo waliwika, redio ya jirani ilikuwa juu, na dakika za mwisho chaji iliisha. Jina la mama yake tumelipata. La bibi yake limefunikwa na jogoo. Tumepanga kurudi Desemba, safari hii na chaja.