Binti wa Vanga Kwenye Mpunga wa Ahero

Wasomaji wangu, nilipokuwa Kisumu karibuni nilipanda matatu hadi Ahero, kuutazama mpunga unaolimwa huko kwa maji ya mto Nyando tangu mradi ule uanzishwe mwaka 1969. Maji huvutwa kwa mitambo ya umeme, yakapita mifereji, yakalala juu ya udongo mweusi unaonata kama haluwa. Penye jaruba moja nikawaona wanafunzi wa kilimo, na kati yao msichana wa mtandio na buti za mpira. Nikatoa salamu. Akaitikia, "Shikamoo, ami," kwa lafudhi iliyonisimamisha. Kwao Vanga!

Alikuja kwa mafunzo ya vitendo kutoka Chuo cha Kilimo cha Bukura, upande wa Kakamega. Chuo ni kidogo lakini cha siku nyingi: Waafrika walifundishwa kilimo pale tangu miaka ya 1920, ilhali Egerton ya Njoro ilianzishwa mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa walowezi wa Kizungu. Nikamuuliza wenzake ni akina nani.

"Waluhya, Wajaluo, Wakisii, Wakalenjin. Wasichana si haba. Wa pwani darasani mwetu ni mimi peke yangu."

Neno hilo lilinichoma, na sababu naijua. Mwanangu aliwahi kutaka kusomea kilimo. Nikamwambia jembe halina cheti, kasome uhasibu. Leo yuko Ghuba, analinda mlango wa duka, na minazi ya marehemu baba yangu imezeeka bila wa kuipandia miche. Nasi wali twala kila siku, tena twauchagua kwa harufu!

Bibi yake binti huyu ana konde la mpunga, la kungojea mvua. Wajomba wataka kuliuza. Amewaomba wasubiri amalize diploma, hawajamjibu.

"Utawapelekea haya ya Ahero?" nikauliza.

"Mengine hayatufai, ami. Hapa maji hufunguliwa na kufungwa. Kwetu mvua ikichelewa mpunga hukauka, na bahari ikipanda chumvi huingia kondeni. Natafuta mbegu ya kuistahimili."

Akaniomba nikipita Vanga nimpe bibi salamu, nimuulize masika haya chumvi ilifika mpaka wapi. Nimeliandika swali lake daftarini. Nakwenda Ijumaa baada ya sala, inshallah.