Mlango wa Faraja: Maji, Kazi na Tiba Ndani ya Kuta za Mji Mkongwe wa Fes

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alilala Mombasa usiku mmoja akiwa njiani kwenda Kilwa. Miongoni mwa mambo aliyoyakumbuka kuhusu Mombasa ni visima vifupi vilivyokuwa milangoni mwa misikiti, ambamo kila aliyetaka kuingia alichota maji kwa kata ya mbao na kuosha miguu. Kumbukumbu hiyo haikuandikwa Mombasa wala Kilwa. Iliandikwa zaidi ya miaka 20 baadaye katika mji wa Fes, nchini Moroko, ambako Ibn Battuta, kwa agizo la Sultani Abu Inan, alimsimulia katibu Ibn Juzayy safari zake zote. Simulizi hiyo ilikamilika mwishoni mwa mwaka 1355. Aliyesimulia habari za maji ya kuoshea miguu alikuwa katika mji ambao wenyewe ulijengwa kwa hesabu ya maji.

Sehemu kongwe ya mji huo, iitwayo Fes el-Bali, ilianzishwa mwishoni mwa karne ya 8 na mwanzoni mwa karne ya 9 na Idris wa Kwanza na mwanawe, Idris wa Pili. Hapo mwanzo ilikuwa miji miwili iliyotazamana kwenye kingo mbili za mto. Ukingo mmoja ulikaliwa na watu waliofukuzwa Córdoba, Uhispania, baada ya maasi ya mwaka 818. Ukingo wa pili ulikaliwa na familia zilizotoka Kairouan, katika Tunisia ya leo. Katika karne ya 11 watawala wa ukoo wa Almoravid waliiunganisha miji hiyo ndani ya ukuta mmoja. Mwaka 1981 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo, Fes el-Bali si jumba la makumbusho. Ndani yake watu huzaliwa, hufanya kazi, huugua na kuzeeka, na kwa sababu hiyo una mengi ya kumwambia mhudumu wa afya na mgonjwa.

Mji unaopimwa kwa hatua

Wageni wengi huingia kwa lango la Bab Boujloud, lililojengwa mwaka 1913, lenye vigae vya buluu upande wa nje na vya kijani upande wa ndani. Kutoka hapo njia mbili kuu, Talaa Kebira na Talaa Sghira, huteremka kuelekea msikiti wa Qarawiyyin, ambao kwa mujibu wa mapokeo uliasisiwa mwaka 859 na mwanamke aitwaye Fatima al-Fihri. Neno talaa lina maana ya mpando, na mgeni aliyeteremka kwa furaha huielewa maana hiyo wakati wa kurudi.

Magari hayaingii. Mizigo hubebwa kwa mikokoteni, punda na nyumbu, na anayewaongoza wanyama hao hupaza sauti, “Balak!”, yaani jihadhari, ndipo wapita njia wabane migongo yao ukutani. Wanyama wenyewe wamepata tabibu: tangu mwaka 1927 ipo hospitali ya hisani, American Fondouk, inayowatibu bila malipo.

Kwa mtu mwenye moyo na viungo vizuri, mji wa namna hii ni dawa ya kila siku. Kwenda sokoni, msikitini au kwa jirani ni kupanda na kushuka, na mwendo wa miguu wa kila siku ni miongoni mwa kinga bora dhidi ya shinikizo la damu na kisukari cha ukubwani. Lakini njia hiyohiyo ni adha kwa bibi mwenye magoti yaliyolika, kwa anayetumia kiti cha magurudumu, na kwa mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku. Baadhi ya vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili hawawezi kupishana bila kugeuka ubavu. Gari la wagonjwa halina budi kusubiri mahali ambapo barabara inaishia, na mgonjwa huletwa kwa mikono ya watu. Hospitali ya chuo kikuu, inayoitwa Hassan II, iko nje ya kuta. Kwa mgonjwa wa kiharusi au mzazi anayevuja damu, umbali haupimwi kwa kilomita bali kwa dakika, na dakika za kutoka mlangoni hadi kwenye gari ni sehemu ya safari ambayo mara nyingi husahaulika katika hesabu za huduma ya dharura.

Maji safi juu, maji machafu chini

Fes imelala bondeni, na mto Oued Fes huja kutoka uwanda ulioko magharibi, juu kuliko mji. Mafundi wa kale waliitumia tofauti hiyo ya kimo. Maji yalielekezwa katika mifereji, yakagawanywa tena na tena hadi kufika misikitini, katika mabafu ya umma yaitwayo hammam, kwenye mabomba ya mitaani yaliyopambwa kwa vigae, na ndani ya nyumba nyingi. Mifereji mingine ilipokea maji yaliyokwisha kutumika na kuyateremsha hadi mto Bou Khrareb, upande wa chini. Kila mtaa ulijitosheleza kwa mambo matano: msikiti, chuo cha Kurani, bomba la maji, hammam na tanuri la mkate. Mtu asiyekuwa na bafu kwake alioga hatua chache kutoka nyumbani.

Huo ndio msingi wa afya ya jamii unaofundishwa hadi leo: maji ya kunywa yasikutane na maji ya choo. Hata hivyo, mfumo huo ulikuwa na kasoro ambayo miji mingi inayo bado. Uchafu haukuisha, ulihama tu. Bou Khrareb humwaga maji yake katika mto Sebou, na waliokaa chini ya mji ndio waliopokea kilichoachwa na waliokaa juu.

Kazi iliyo ndani ya birika

Karibu na mto ndipo zilipo karakana za ngozi za Chouara. Ukitazama kutoka juu ya mapaa, mabirika yake hufanana na kisanduku kikubwa cha rangi za mchoraji. Katika mabirika meupe ngozi za ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia hulowekwa kwa chokaa na kinyesi cha njiwa ili manyoya yang'oke na ngozi ilainike. Baadaye huhamishiwa katika mabirika ya rangi. Mgeni hupewa kishada cha nanaa akiweke puani dhidi ya harufu. Mfanyakazi, ambaye husimama birikani maji yakimfika mapajani, hana nanaa.

Daktari atazamapo picha hiyo huona zaidi ya rangi. Chokaa huunguza ngozi ya mwili na kuipasua. Kinyesi cha njiwa huweza kubeba vijidudu vinavyoshambulia mapafu. Ngozi mbichi za wanyama wagonjwa huweza kuambukiza kimeta. Chumvi za kromiamu, zinazotumika katika viwanda vingi vya ngozi duniani, huleta ukurutu usiopona maadamu mfanyakazi anaendelea kuzigusa. Kuinama siku nzima huacha maumivu ya kiuno. Popote ngozi zinapotengenezwa, mhudumu wa afya anayempokea mgonjwa mwenye ukurutu wa mikono na miguu, au kikohozi kisichoisha, hana budi kumuuliza swali moja kabla ya kuandika dawa: unafanya kazi gani? Glavu ndefu, buti za mpira, maji safi ya kunawa na mapumziko ni tiba inayotangulia malhamu.

Soko la hina na hospitali iliyokuwa humo

Kutoka karakana za ngozi, njia hupanda tena kuelekea Attarine, soko la manukato na viungo. Jirani yake kuna uwanja mdogo wenye kivuli cha miti, uitwao soko la hina. Huuzwa humo hina, wanja, na udongo laini wa kuoshea nywele. Mambo mawili yafaa kukumbukwa hapa, maana yanawahusu pia akina mama wa mwambao wa Afrika Mashariki. Hina halisi huacha rangi ya kahawia yenye wekundu. Ile inayotoa weusi papo hapo, kama piko, mara nyingi imechanganywa na kemikali za rangi ya nywele ziwezazo kutoa malengelenge na makovu. Nao wanja wa jiwe, aghalabu, una madini ya risasi, na haufai kupakwa machoni mwa mtoto.

Kwenye uwanja huo ndipo iliposimama Maristan ya Sidi Frej, hospitali iliyojengwa mwaka 1286 chini ya Sultani Abu Yaqub Yusuf wa ukoo wa Marinid. Maristan ni neno lenye asili ya Kiajemi: bimar ni mgonjwa, na stan ni mahali, silabi ileile inayosikika katika neno bustani. Ama Sidi Frej, inaelezwa kuwa hakuna walii wa jina hilo aliyezikwa pale. Mahali hapo paliitwa Bab al-Faraj, mlango wa faraja, na vinywa vya watu vikaligeuza jina hilo kuwa la mtu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani, kwa kuwa faraj na faraja ni mzizi mmoja.

Hospitali hiyo iliwapokea wageni waliougua safarini na watu wenye maradhi ya akili. Iliendeshwa kwa wakfu, yaani nyumba na maduka ambayo kodi zake zilikuwa haki ya wagonjwa. Inasimuliwa kuwa katika enzi zake njema wagonjwa walipigiwa muziki wa Andalusia, na kwamba hata korongo waliovunjika mabawa walitunzwa kwa fedha hizo.

Enzi hizo hazikudumu. Al-Hasan al-Wazzan, ajulikanaye Ulaya kwa jina la Leo Africanus, alikulia Fes na alifanya kazi ya ukarani hospitalini kwa miaka 2 alipokuwa kijana. Katika kitabu chake kuhusu Afrika, kilichochapishwa Venice mwaka 1550, alieleza kuwa wageni wagonjwa walipewa chumba, chakula na watu wa kuwahudumia, lakini hapakuwa na tabibu wala dawa. Wenye maradhi ya akili walifungwa minyororo, na aliyewapelekea chakula alishika kiboko. Akaeleza na sababu: wakati wa vita mali za wakfu za hospitali ziliuzwa kwa ahadi kwamba zingerudishwa. Sultani akafariki, na mali hazikurudi.

Habari hiyo fupi ina uzito kuliko kuta zote za Fes. Elimu ya tiba haikuwa imetoweka mjini. Kilichotoweka ni fungu la fedha, na lilipotoweka, muziki ulinyamaza na mnyororo ukachukua nafasi yake. Mgonjwa wa akili ndiye wa kwanza kupunguziwa fungu pesa zinapokuwa haba, kwa sababu sauti yake haisikiki katika kikao cha bajeti. Ndugu aliyechoka, asiyepata dawa wala ushauri, naye hutafuta kamba.

Jengo hilo liliendelea kupokea wagonjwa wa akili hadi mwaka 1944. Leo mahali pake pana maduka. Lakini uamuzi wa waliolijenga bado unaonekana kwa kila apitaye. Hawakuwapeleka wagonjwa hao nje ya kuta, mbali na macho ya watu. Waliwaweka katikati ya soko, penye harufu ya viungo na sauti za majirani, mahali ambapo mama aliyekuja kununua hina angeweza kumjulia hali mwanawe kabla ya kurudi nyumbani.