KURIVASI SIYO UBABE! Mkigongana kwenye maegesho, nani alipe?

BONGO bwana! Magari mawili yakigusana bampa kwenye maegesho, kabla vipande vya taa havijamaliza kudondoka, majaji kumi na tano wameshafika. Muuza maji yupo, dereva wa bajaji yupo, mlinzi yupo, na kijana anayeosha magari ndiye mwenyekiti wa jopo. Hukumu inasomwa palepale: mwenye gari kubwa alipe, kwa sababu anazo. Au mwenye sauti ndogo alipe, kwa sababu hawezi kubisha.

Mimi mwenzenu nimezisikia kesi hizi Kariakoo, Posta mpaka Mwenge. Kinachoniuma siyo kelele, ni kuona mtu asiye na kosa akifungua pochi. Siku moja Kariakoo nilimshuhudia dada mmoja amepaki ka-Vitz kake kwenye mstari, injini kazima, anatafuta chenji kwenye mkoba. Jamaa mmoja na Noah akaja kinyumenyume, paa! Halafu akawahi yeye kupayuka: “We dada, unapakije hapa?” Umati ukaitikia kama kibwagizo. Dada wa watu akatoa elfu thelathini ili yaishe. Yaani aliyegongwa ndiye aliyelipa!

Sasa msomaji wangu, wiki hii tuwekane sawa, maana kesho inaweza kuwa zamu yako, na pengine gari lenyewe umeazima kwa shemeji.

MASWALI MATATU TU

Achana na nani ana gari la bei mbaya. Kosa la maegesho linapimwa kwa maswali matatu. Nani alikuwa anatembea na nani alikuwa amesimama? Kati ya waliokuwa wanatembea, nani alitakiwa kumpisha mwenzake? Na nani alikuwa na nafasi ya kuona na kukanyaga breki? Wanasheria wana neno lao hapo, wanaita uzembe: ulikuwa na wajibu wa kuangalia, hukuangalia, mwenzako akaumia au akapata hasara. Basi.

Tuanze na ile ya kila siku. Wewe unatoka kwenye nafasi yako kinyumenyume, mwenzako anapita kwenye njia yake. Hapo mzigo mkubwa ni wako. Anayerudi nyuma ndiye anayeingilia njia ya mwingine, hivyo anatakiwa ahakikishe kweupe kwanza. Lakini mpitaji naye asijione malaika. Kama alikuwa anakimbiza gari katikati ya maegesho kama yuko barabara ya Morogoro usiku wa manane, au macho yalikuwa kwenye simu, naye ana sehemu yake ya kosa.

Wote wawili mnarudi nyuma, mgongo kwa mgongo, mkakutana katikati? Hapo mara nyingi ni nusu kwa nusu, maana hakuna aliyeangalia. Labda mmoja wenu alikuwa ameshamwona mwenzake, akasimama na kupiga honi, na bado akagongwa. Huyo ana hoja nzito, ilimradi awe na shahidi.

Gari lililosimama kwenye mstari wake halina kesi. Mwenye kuligonga ndiye mwenye kosa. Hata likiwa limepakiwa vibaya, huo siyo ruhusa ya kulibamiza: kama uliliona, ulitakiwa usimame. Mwenye kupaki hovyo anaweza kubebeshwa sehemu ya lawama, hasa kama gari lake lilijibanza kwenye kona lisionekane, ila hilo halikufuti wewe.

Mlango nao! Umefungua bila kutazama, bodaboda akajipachika. Mfungua mlango ndiye mwenye kosa. Na kama abiria wako ndiye aliyefungua, jiandae, maana macho yote yatakugeukia wewe dereva.

“NJOO BOSI, NJOO...”

Kuna huyu mshikaji wetu wa kuelekeza magari. “Njoo bosi, njoo... kata yote... nyoosha... bado, bado...” Paa! Ukigeuka, mshikaji hayupo, ameyeyuka na mia tano yako. Nakwambia ukweli: usukani ulikuwa mikononi mwako na breki ilikuwa chini ya mguu wako. Kusema “yule kijana aliniambia nije” hakukuvui kosa mbele ya uliyemgonga. Msikilize, mshukuru, lakini tazama saiti mira mwenyewe. Ukiona giza, shuka uangalie. Hakuna atakayekucheka.

LILE BANGO LA UKUTANI

Wengi wakigongana wananyoosha kidole ukutani: “Kaka, soma bango, egesha kwa hatari yako mwenyewe.” Hapa watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Bango lile ni maneno kati yako na mwenye eneo. Halimhusu dereva aliyekukwaruza. Yeye uzembe wake unabaki wake, tuko Mlimani City, tuko sokoni au tuko uani kwa mtu.

Na hata mwenye eneo, bango halimsafishi kila kitu. Uingereza kuna kesi maarufu sana kwa wanaosoma sheria, ya Thornton na Shoe Lane Parking, iliyoripotiwa mwaka 1971. Mpiga tarumbeta mmoja aliingiza gari kwenye maegesho ya London mwaka 1964, mashine ikamtemea tiketi. Aliporudi kuchukua gari ikatokea ajali, akaumia vibaya. Wenye maegesho wakasema tiketi inataja masharti, na masharti yamebandikwa ndani. Mahakama ya Rufani, Lord Denning akiwemo, ikakataa: masharti ya kuwaondolea lawama za majeraha hayakuonyeshwa wazi kabla mteja hajachukua tiketi. Lakini sikia utamu wake: jaji wa kwanza alishasema mpiga tarumbeta naye alikuwa na nusu ya kosa, na fidia ikahesabiwa hivyo.

Hukumu ya London haimfungi hakimu wa Kisutu, ila sheria yetu ya madai ilirithi mengi kutoka huko, na funzo ni lilelile: kosa linaweza kugawanywa. Siyo lazima mmoja abebe gunia zima.

DAKIKA TANO ZA KWANZA

Sasa mambo yametokea, ufanye nini? Kwanza, simama. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyepata ajali asimame, siyo atoke nduki. Kama kuna mtu ameumia, ita polisi na msaada mara moja, mengine baadaye.

Pili, kabla gari halijasogezwa, toa simu upige picha. Piga matairi yameelekea wapi, mistari ya maegesho, namba za magari yote mawili, na palipobonyea. Picha ya bampa peke yake haisemi nani alitoka wapi. Tazama juu pia, kama kuna kamera ya ulinzi mwombe msimamizi asiifute.

Tatu, chukueni majina, namba za simu na bima. Siku hizi bima inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya gari, hivyo mtu asikupige chenga na stika ya zamani. Kumbuka bima ndogo inamlipa uliyemgonga, gari lako unatengeneza kwa jasho lako. Mwenye bima kubwa ndiye mwenye ahueni.

Nne, usiandike “nakubali kosa” kwa kuwa watu wanazomea. Kampuni za bima hazipendi ukiri wa namna hiyo bila wao kujua. Na kama ni mkwaruzo mdogo mmekubaliana kumalizana, andikeni kikaratasi: kiasi gani, cha nini, na kwamba yameisha. Vinginevyo utaona jamaa anarudi wiki ijayo na bei ya fundi mwingine.

Na wewe uliye kwenye umati, unayeitikia bila kuona lolote: kama hukuona, nyamaza. Kama uliona, mpe aliyeonewa namba yako ya simu. Shahidi mmoja aliyeona anamfaa mtu kuliko washangiliaji hamsini.

Haya, wiki njema. Ukirudi nyuma, rudi polepole.